Sinema ya Watu wa Kuzikana

Mtu akishajulikana mtaani kuwa ni mpenzi wa sinema, haachwi akapita barazani bila ya kuulizwa swali moja, ambalo kwa sura ni jepesi na kwa undani ni zito: kuna picha gani mpya? Muulizaji aghalabu hataki hotuba. Ataka jina la filamu, ataka kujua kama ni ya kucheka au ya kulia, kama yafaa kutazamwa mbele ya wazee na watoto, na kama steringi anapona. Lakini mwenye kujibu, akiwa ana insafu, hujiona amebebeshwa amana, kwa kuwa anamshauri mwenziwe atoe saa mbili za umri wake, ambazo hazina marejeo, na azikabidhi kwa mtu asiyepata kuonana naye, aliyeko Lusaka au Vienna au Lagos, ampeleke gizani kokote apendako.

Yafaa kwanza tuelewane juu ya huo upya. Wafanyabiashara wa filamu huuhesabu kwa wiki, na filamu iliyotimiza miezi mitatu kwao ni bidhaa iliyochacha. Sisi hesabu hiyo haituhusu, kwani filamu nyingi zilizotengenezwa jirani yetu, kwa lugha na desturi zinazofanana na zetu, hupita Cannes, zikapita Toronto na Berlin, zikapewa tuzo na kupigiwa makofi na wageni, kabla ya kuonyeshwa hata usiku mmoja katika miji ya pwani hii. Kwa hiyo nitakapotaja filamu ya mwaka 2021 na kuiita mpya, msomaji asinistaajabie. Mpya ni ile ambayo bado hujaiona.

Filamu tulizolelewa nazo, zilizokuja kutoka Bombay na Hong Kong na Hollywood, zilitufundisha sharia moja tuliyoisadiki kama hadithi za bibi: steringi hafi. Walikufa maadui na wafuasi wa maadui, nao walikufa kwa wingi, wakaanguka ngazini na dirishani, wala hapakuwa na aliyeuliza jina la marehemu, wala ametoka kwa nani, wala nani atakwenda kumpa mama yake habari. Basi nilipozipanga akilini filamu za Kiafrika zilizonigusa zaidi katika miaka hii ya karibuni, nikakuta kwamba karibu kila moja ina maiti ndani yake, na kwamba maiti huyo ana jina, ana jamaa, ana haki juu ya walio hai, na kisa chote, hata kikizunguka vipi, hakina budi kufika pale pale: nani atamzika, wapi, kwa gharama ya nani, na baada ya kuyanyamaza au kuyasema mambo gani. Sijui filamu za bara jingine ambazo kwa wakati huu zimelishughulikia jambo hili kwa juhudi kama hiyo. Wala sidhani kuwa waongozaji hawa walikaa kitako wakapatana. Wengi wao hawaishi hata katika nchi moja.

Nianze na ile ambayo ningempendekezea mtu yeyote, hata asiyependa filamu: The Gravedigger's Wife, kisa cha mchimba makaburi wa Jibuti na mkewe, iliyoandikwa na kuongozwa na Khadar Ayderus Ahmed, Msomali aliyezaliwa Mogadishu na kukulia Finland. Ilionyeshwa Cannes mwaka 2021, na mwaka huo huo ikatwaa Farasi wa Dhahabu wa Yennenga katika tamasha la FESPACO, mjini Ouagadougou, ambayo ndiyo tuzo kubwa kuliko zote za sinema barani Afrika. Guled, ndiye mchimba makaburi huyo, na wenziwe hukaa nje ya hospitali na makoleo yao wakingoja. Gari la wagonjwa linapofika, hunyanyuka wakalikimbilia, kwa kuwa riziki yao imo katika msiba wa mtu. Jambo hilo lingeweza kutengenezwa kwa kejeli, au kwa huruma ya wale wapigao picha za umasikini ili zitazamwe na matajiri. Mwongozaji huyu hakufanya hili wala lile. Aliwapa wachimba makaburi mzaha wa watu wa kazi moja, na kuchoka kwao, na adabu yao mbele ya maiti, kisha akamrejesha Guled nyumbani kwa Nasra, mkewe, ambaye ana maradhi ya figo na ambaye upasuaji wake unahitaji dola 5,000, yaani fedha ambazo mtu wa koleo hazipati kwa kuchimba makaburi, hata mji mzima ungekufa.

Wazo la mchimba makaburi anayekimbizana na mauti ya mke wake lingetosha kumlevya mwandishi mwingine. Angelisema na kulirudia mpaka likapoteza ladha. Hapa halisemwi hata mara moja. Tunachoonyeshwa ni mapenzi ya watu wazima, jambo adimu katika sinema yoyote: mume na mke wanajipamba na kuingia katika harusi ya watu wasiowajua, wakala na kucheza kama wageni wa heshima, wakarudi nyumbani wakicheka, ilhali mmoja wao anajua na mwingine anajua kwamba mwenziwe anajua. Omar Abdi na Yasmin Warsame wamecheza nafasi hizo kwa namna ambayo huwezi kuona mahali ambapo uigizaji umeanzia. Kisha mume anashika njia, kwa miguu, kurudi katika kijiji walichokikimbia zamani kwa ajili ya mapenzi hayo hayo, kwenda kuomba mifugo iliyo haki yake kwa jamaa ambao hawajamsamehe. Zaidi ya hapo sitasimulia. Filamu haitimizi hata saa moja na nusu, na ni katika filamu chache nizijuazo ambazo mwisho wake ukikatwa dakika moja kabla ingekuwa hasara, na ukiongezwa dakika moja ingekuwa hasara vile vile.

Mwenye subira aendelee na ndugu yake, The Village Next to Paradise, ya Mo Harawe, Msomali mwingine, huyu akiishi Austria. Ndiyo filamu ya kwanza ya Kisomali kuingizwa katika orodha rasmi ya Cannes, mwaka 2024. Humo mna baba afanyaye kazi yoyote ipatikanayo, na mojawapo ni kuwazika waliouawa na ndege zisizo na rubani, dada yake aliyeachana na mumewe na anayetaka kufungua duka la ushonaji, na mtoto ambaye akili yake ni kubwa kuliko kijiji. Ni filamu ndefu, zaidi ya saa mbili, na mwendo wake ni wa upepo wa kusi unaokuja na kwenda bila ya haraka. Walionizunguka nilipoitazama walianza kuangalia simu zao. Nawasamehe. Lakini filamu hufunguka kwa taarifa ya habari ya televisheni ya ng'ambo juu ya shambulio la ndege hizo, kisha ikaigeuzia kisogo taarifa ile na kutuweka nyumbani kwa watu wenyewe, na kwa tendo hilo moja mwongozaji ameeleza kwa nini sinema ya nyumbani ni ya lazima hata pale ambapo waandishi wa habari wa dunia nzima wamekwisha kufika.

Naja sasa kwa filamu ambayo kwa Mtanzania si ya hiari. The Empty Grave, kaburi tupu, ni filamu ya mambo ya kweli iliyoongozwa kwa ushirika na Agnes Lisa Wegner, Mjerumani, na Cece Mlay, Mtanzania, wa kampuni ya Kijiweni ya Dar es Salaam. Yafuata jamaa mbili, moja ya Songea na nyingine ya Meru, ambazo wazee wao walinyongwa na Wajerumani zamani za ukoloni, na vichwa vyao, kwa mujibu wa masimulizi waliyorithishana, vikakatwa na kupelekwa Ulaya. Kila mtoto aliyekwenda shule nchini amesoma Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907, na amelisikia jina la Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa mwaka 1906 na ambaye mji ule umeitwa kwa jina lake. Lakini ni wachache kati yetu waliopata kukaa wakafikiri kwamba shujaa wa kitabu ni babu wa watu, na kwamba watu hao bado wanamtafuta.

Tunamwona kitukuu wa Nduna Songea na mkewe wakipiga hodi katika ofisi na makumbusho, nyumbani na Ujerumani, wakiwa na barua mkononi na adabu isiyoyumba, mbele ya maofisa walio wapole, wenye masikitiko, wenye kahawa ya kumkaribishia mgeni, wasio na jibu. Mjini Berlin, katika hazina moja tu ya Taasisi ya Urithi wa Kiprusi, yamo mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyochukuliwa kutoka iliyokuwa Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, yaani Tanganyika, Rwanda na jirani zao, yakiwa yamehifadhiwa kwa nambari. Dini zetu na mila zetu zinahitilafiana katika mambo mengi ya maziko, lakini hakuna hata moja iliyoruhusu maiti awekwe kabatini. Na Novemba 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alipofika Songea na kuomba msamaha, kamera ilikuwapo. Mwongozaji mwenye tamaa angeifanya siku ile kuwa kilele, apandishe muziki na kufunga pazia. Hawa wawili wameiacha iwe siku moja katika nyingine, kwa sababu baada ya msafara wa rais kuondoka, kichwa bado hakijapatikana, na jamaa wamerudi kukaa na kaburi lao lenye nusu ya mtu.

Nakiri filamu hii haina uzuri wa sura kama wa Guled na Nasra. Mahali pengine inafuata mno utaratibu wa televisheni za Ulaya, za kumfuata mtu kutoka mlango hadi mlango. Hilo lisimzuie mtu. Ningependa ionyeshwe katika kila shule ya sekondari mkoani Ruvuma, kisha wazee waachiwe nafasi ya kusema.

Katika tamasha lile lile la Berlin la Februari 2024 ilipoonyeshwa filamu hiyo, tuzo kubwa, Dubu wa Dhahabu, ilikwenda kwa Dahomey ya Mati Diop, ambayo pia ni kisa cha kurudishwa nyumbani kilichonyakuliwa. Hazina za kifalme 26, zilizoporwa na majeshi ya Ufaransa katika vita vya mwaka 1892, zinafungwa katika masanduku mjini Paris na kupokewa Cotonou mwezi Novemba 2021. Imesifiwa sana kwa kuwa sanamu ya mfalme Ghezo imepewa sauti, ikinena kwa Kifon kutoka gizani mwa sanduku lake. Mimi sauti hiyo ilinichosha upesi, kwa sababu mti ukishasema kwa ufasaha namna ile haututishi tena. Kilichonikaa moyoni ni mjadala wa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Abomey-Calavi, vijana wanaosimama mmoja baada ya mwingine, huyu akisema kurudishwa vitu 26 katika maelfu ni matusi, yule akisema amelia, mwingine akiuliza kwa nini azungumze habari za wazee wake kwa Kifaransa. Filamu yote ni ya dakika 68. Yafaa kutazamwa usiku mmoja na The Empty Grave, na watazamaji waachwe wabishane hadi adhana ya alfajiri.

Hadi hapa maiti wote walikuwa wa kuheshimiwa. Filamu iliyonifadhaisha kuliko zote ni ile iliyouliza kinyume chake. Mwongozaji Rungano Nyoni, wa Zambia, aliyetangulia kujulikana kwa I Am Not a Witch ya 2017, alileta Cannes mwaka 2024 filamu yake ya pili, On Becoming a Guinea Fowl, akagawana na mwenziwe tuzo ya uongozaji bora katika fungu la Un Certain Regard. Usiku, barabarani, msichana aitwaye Shula anarudi kwa gari kutoka karamuni, amevaa vazi la kuchekesha, akaona mtu amelala chini. Akashuka, akatazama: ni mjomba wake, na amekufa. Halii. Anapiga simu, anangoja, na sura yake ni ya mtu aliyekuta mzigo ambao alidhani amekwisha kuutua.

Halafu matanga yanaanza, na hapo filamu yatuhusu sote tulio kusini na mashariki mwa bara hili. Fanicha zinatolewa, magodoro yanatandikwa, mashangazi wanaingia kwa kilio, mabinti wanapelekwa jikoni, wanaume wanakaa nje wakingoja sahani na kuagiza chumvi. Nimekaa matanga ya kutosha kuapa kwamba hakuna hata kijiko kilichowekwa mahali pasipo pake. Na kidogo kidogo, kati ya sufuria na sufuria, mabinti wa ukoo wanaanza kuambiana kwa nusu ya maneno alichowafanyia marehemu walipokuwa wadogo. Na mama zao walijua, au walijua nusu, au hawakutaka kujua. Na sasa mama hao hao wanamlaumu mjane, kibinti aliyeozwa akiwa hajawa mtu mzima, kwamba hakumpikia mumewe vema ndiyo maana akafa.

Sisi tumelelewa katika adabu ya kuwataja wafu wetu kwa mema yao na kuyafumba yaliyobaki, na adabu hiyo naiheshimu, kwa kuwa imezuia fitina nyingi na imewapa mayatima majina safi ya kuanzia maisha. Lakini Nyoni anauliza sitara ile imesitiri nani, na aliyelipa gharama yake ni nani, na anauliza bila ya kuwageuza wazee kuwa maibilisi. Kuna mahali, stoo ya chakula, ambapo mashangazi wanawazunguka mabinti na kuwaliwaza kwa wimbo, na mapenzi yao ni ya kweli, na hayasaidii kitu. Sikupata kuona sinema iliyoyaonyesha mapenzi ya namna hiyo kwa uadilifu zaidi. Jina la filamu latokana na kanga, ndege anayepiga kelele ili kuwaonya wanyama wengine hatari inapokaribia. Nahadharisha: si filamu ya kutazama na watoto, wala si ya nyumba ambayo ina msiba mbichi. Lakini wajomba waitazame.

Baada ya ukali huo, mtu apumzike na My Father's Shadow ya Akinola Davies, filamu ya kwanza ya Nijeria kuingia orodha rasmi ya Cannes, Mei 2025. Ni siku moja tu: baba asiyeonekana sana nyumbani anawachukua wanawe wawili, kutoka kijijini hadi Lagos, mwaka 1993, wakati nchi nzima inangoja matokeo ya uchaguzi wa tarehe 12 Juni, ambao watawala wa kijeshi wataubatilisha. Mwongozaji ameiandika pamoja na kaka yake, Wale, nao walifiwa na baba wangali wadogo mno kumkumbuka. Kwa hiyo siku hii ni siku ambayo hawakuipata, wameitengeneza kwa mikono yao na kumpa baba sura ya Sope Dirisu, mwigizaji ambaye akinyamaza unadhani amesema. Watoto wanamchunguza baba kama wachunguzavyo watoto wote: kidole, kovu, namna anavyosalimiwa na watu wasiowajua, mwanamke mmoja aliyemtazama kwa muda mrefu kidogo. Watu wa umri wangu watayatambua magari yale, na makelele yale, na redio ile iliyowashwa kila mahali ambayo kila mtu anaisikiliza kwa shingo. Nimesema ni mapumziko. Nadhani nimekosea neno, kwa kuwa wanaume wazima wametoka katika filamu hii wakifuta macho na kusingizia vumbi.

Msomaji wa Zanzibar atauliza: na ya kwetu je? Ipo, na si ya maziko. Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, kutoka katika riwaya ya Adam Shafi, ilionyeshwa Toronto Septemba 2021, ikiwa ndiyo filamu ya kwanza ya Kitanzania kuchaguliwa huko. Yasmin anaikimbia ndoa ya mzee, Denge anaukimbia mkono wa polisi wa mkoloni, na Mji Mkongwe wa miaka ya hamsini unawaficha wote wawili. Kwa maoni yangu mpigapicha ameyapenda mno mabaraza na mwanga wa taa, hata mara nyingine siasa ya Denge, ambayo katika riwaya ina moto na mzaha, inasubiri picha ipite. Bali Siti Amina akiimba, malalamiko yangu yote huyasahau, na kusikia lahaja ya Unguja ikisemwa kwa raha katika sinema, bila ya kusafishwa kwa ajili ya mgeni, ni furaha ambayo tuliingoja muda mrefu kuliko inavyostahili mtu kungoja.

Namna ya kuzipata si nyepesi. Majumba ya sinema yaliyobaki mijini mwetu, yale ya ghorofani katika maduka makubwa, yana nafasi ya filamu hizi kwa siku mbili tatu, na saa yenyewe aghalabu ni ile ambayo watu wako kazini. Tamasha la filamu la ZIFF, katika Ngome Kongwe ya Zanzibar, huzileta baadhi, na anayeweza kufika asikose, kwani kutazama nje, chini ya nyota, na watu usiowajua, kuna ladha yake. Vituo vya utamaduni vya Wajerumani na Wafaransa huonyesha nyingine bure, jambo ambalo baada ya yale niliyoyasimulia lina kichekesho chake. Zilizobaki zipo mtandaoni kwa malipo. Anayelazimika kutazama peke yake kwenye simu na atazame, ni bora kuliko kukosa. Lakini ile ya Zambia, na ile ya Songea, ningemwomba atafute jirani wawili watatu, azungushe bakuli la kahawa, na asizime taa zote, ili mtu akitaka kumtazama mwenziwe usoni aweze.

Mwaka ujao nasikia kuna nyingine zinakuja. Aliyeniuliza barazani wiki iliyopita nilimpa jina moja tu, la Guled na Nasra, naye akaniuliza kama steringi anapona. Nikamwambia kwamba steringi wako wawili.